Mimea Mitatu Nyuma ya Mitungi ya Maji

Ban Non Khwao, Sakon Nakhon
20 Juni 2022

Mdogo wangu Bualai,

Natumaini barua hii inakukuta na afya, na zamu isiyo ya kuua mtu. Huku tu wazima kwa kadiri ya umri. Magoti yangu yanalia nikipanda ngazi. Wifi yako Ratri anasema hayo si magoti, ni uvivu uliopata sauti. Mvua imewahi, mpunga tumeshausia. Mbwa mweusi amezaa sita, wote wanafanana na yule dume wa hekaluni, nasi tumeamua kutouliza.

Habari kubwa utakuwa umeisikia. Tangu tarehe tisa ya mwezi huu bangi si dawa ya kulevya tena. Mtu anaipanda kwake, anajiandikisha kwa simu, basi. Mimi, msaidizi wa mkuu wa kijiji, niliyewaambia watu miaka kumi na minane kwamba jani hilo ni jela, ndiye niliyewatangazia kwa kipaza sauti cha kijiji kwamba sasa ni zao. Nilisema kwa sauti ileile. Shangazi Chan akanipigia kelele kutoka uani kwake: "Khampan! Hebu rudia, leo nadhani umeamkia chupa!" Miche inagawiwa huko zahanati. Foleni ilikuwa ndefu kuliko ya chanjo, na waliotangulia ni wazee wasiojua hata kuwasha simu.

Sasa jambo lenyewe. Ni mwaka wa nne tangu Mama atutoke, na hatujamfanyia sadaka ya kugawa wali. Kila nyumba imeshawafanyia wafu wake. Watu hawasemi, lakini wakipita hapa wanatazama paa, kama wanaokagua nyumba yenye deni. Mtawa mkuu anasema sadaka hiyo yataka watoto wote wa marehemu wakae pamoja, wamwage pamoja maji ya kumfikishia thawabu. Mmoja akikosekana ni sawa na kutuma mzigo bila anwani. Mama ana watoto wawili tu. Nataka iwe Machi, baada ya mavuno. Omba ruhusa kiwandani mapema, uje.

Najua hupokei simu za nyumbani tangu ile iliyokuletea msiba, ndiyo maana naandika. Elimu yangu ya darasa la nne unaijua. Vumilia mwandiko.

Kaka yako,
Khampan


Kaohsiung, Taiwan
17 Julai 2022

Kaka Khampan, shikamoo.

Nisalimie wifi, mwambie dawa ya magoti ya aina hiyo ni kumnyima mtu chai. Mimi mzima. Kiwandani bado tunatengeneza skrubu, na sijui dunia inazipeleka wapi zote hizi. Joto la huku halina hata chura wa kulisema.

Habari ya bangi tuliisikia bwenini. Huku ukikutwa nayo umekwisha, kwa hiyo wenzangu wananicheka. Jocelyn, Mfilipino ninayelala naye chumba kimoja, aliniuliza, "Bualai, kwenu sasa serikali inagawa bangi kama chanjo? Na watawa nao wanavuta?" Wakataka niwaeleze ni ya kutibu au ya starehe. Nikawaambia kwetu ilikuwa ya supu ya kuku. Walidhani nafanya mzaha. Ningewaelezaje bibi aliyekuwa akitupa majani mawili chunguni bila kumuomba mtu kibali, halafu analala mchana akitabasamu?

Kuhusu Machi, Kaka, usinisubiri. Nitatuma vitambaa vya watawa na mishumaa. Mimi siji.

Unajua sababu, usinifanye niiandike kila mwaka. Saratani ilikuwa imelila ini la Mama, vidonge vya hospitali alikuwa anavitapika, na kitu pekee kilichompa usingizi ni yale matone aliyoyachemsha kutoka mimea yake mitatu ya bangi nyuma ya mitungi ya maji. Nami siku naenda mjini Udon kupimwa afya kwa ajili ya kazi hii, nilimfunga nyati wangu wa kulimia kwa kamba ile mbovu, kwa sababu nilikuwa na haraka ya basi. Nimerudi, uzio umelala, mimea hakuna. Nilimnyang'anya mama yangu dawa kwa fundo moja la kamba. Wiki mbili baadaye nikapanda ndege, na baada ya miezi miwili ukanipigia ile simu.

Nikae mbele ya watawa nimwage maji kwa mkono upi?

Mdogo wako,
Bualai


Ban Non Khwao
9 Agosti 2022

Mdogo wangu Bualai,

Barua yako ilifika ikiwa imelowa, tumeikausha juu ya jiko la mkaa, kwa hiyo ukisikia nimeisoma kwa moto usichukulie vibaya. Ratri anakusalimu. Chai amenipunguzia kweli. Mmenionea.

Juzi kulikuwa na mkutano ukumbi wa hekalu, mjadala wa hii bangi: ibaki ya hospitali tu au iachiwe hata ya kujiburudisha, kwa kuwa bunge lenyewe bado linavutana na sheria haijulikani mwisho wake. Nimekaa mikutano mingi, ule ulikuwa na wasikilizaji wachache kuliko yote.

Nesi Wilai wa zahanati alianza. "Dawa ni dawa ikiwa na kipimo. Wiki hii nimepokea watatu waliokunywa supu wakadhani wamekufa. Mmoja alikuwa ananiaga."

Mwalimu mkuu akasimama na miwani yake. "Na watoto wangu wa darasa la sita? Wakianza kuvuta nyuma ya choo, nani atajibu?"

Shangazi Chan hata hakusimama. "Mwalimu, pombe inauzwa mbele ya geti la shule yako. Hujawahi kuitisha mkutano."

"Pombe ni jambo jingine."

"Ndiyo, kwa sababu unainywa."

Watu wakacheka mpaka mtawa akakohoa. Vijana wakasema wao wanataka kulima ya kuwauzia watalii wa pwani, wavute kwa raha zao. Nesi akasema raha haiandikwi kwenye cheti cha daktari. Mzee mmoja wa kona ya nyuma akauliza, "Binti, kwa umri wangu, raha yenyewe si ndiyo tiba?" Nesi akaandika kitu kwenye daftari.

Mwishowe Chan akanigeukia. "Msaidizi, wewe unasemaje? Wewe una habari nayo ya karibu." Nikasema serikali ndiyo inajua. Akanitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mimi nimepanda miche sita. Inakua vizuri, harufu inafika barabarani. Wiki iliyopita nyati wa Chan aliingia, nikadhani kwisha habari. Alinusa, akapiga chafya, akapita katikati ya mimea kama bwana shamba, akaenda kula mboga zangu. Ratri anasema mnyama ana akili kuliko wabunge.

Ile habari ya kamba, Bualai, iache. Umeibeba mno. Nilitaka kukuandikia jambo fulani hapa, lakini karatasi imekwisha.

Kaka yako,
Khampan


Kaohsiung
2 Septemba 2022

Kaka, shikamoo.

Wifi namsalimu. Mimi sijambo. Mashine moja ilimkata kidole kijana wa Kivietnamu, kidogo tu, tukapewa semina ya usalama ya saa tatu iliyotuchosha kuliko kazi.

Karatasi yako haikuisha. Chini ya jina lako ilibaki nafasi ya mistari kumi na miwili.

Na nimesoma mara nne pale uliposema nyati wa Chan alinusa, akapiga chafya, akaenda kula mboga. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili sikucheka. Nimekulia na nyati, nimewachunga tangu nikiwa sifiki tumboni kwao. Sijui kwa nini ilinichukua miaka minne na barua yako ya mzaha kuuliza swali hili.

Wangu alikula mimea mitatu mizima?

Jibu hilo tu. Mkutano sitaki, mbwa sitaki.

Bualai


Ban Non Khwao
28 Novemba 2022

Mdogo wangu Bualai,

Nimechelewa. Ningeweza kusema ni mavuno, na mavuno yalikuwepo kweli. Lakini Septemba hakuna mavuno, na Oktoba nilikaa siku nyingi na kalamu mkononi kama mtu anayesubiri daktari amwite.

Huku wazima.

Hapana. Hakula hata jani.

Unakumbuka mwaka ule kulikuwa na shindano la vijiji visivyo na dawa za kulevya. Wakaguzi wa wilaya walikuwa waje Alhamisi. Mkuu wa kijiji aliniambia nipite nyumba kwa nyumba kuhakikisha, nami nikapita, nikiwaambia watu ng'oeni, huku najua nyuma ya mitungi ya Mama kuna nini. Jumatatu wewe ukaenda Udon. Jumanne mchana Mama alipitiwa na usingizi baada ya matone yake. Nikang'oa. Mizizi ilikuwa mirefu kuliko nilivyodhania, ilinibidi nipige magoti. Nikaitupa yote kwenye bwawa la samaki, na chupa ya matone nayo, kwa sababu nikianza jambo huwa nalimaliza.

Kamba yako ilikuwa imekaza, Bualai. Ilinichukua muda kuifungua. Nikauangusha uzio, nikamwongoza nyati apite, nikamzungusha mara tatu ili nyayo zionekane. Alinifuata kwa upole. Kila nikisimama naye anasimama, ananitazama kama mfanyakazi anayengoja kuambiwa kazi yenyewe ni ipi.

Kisha nikamwita Chan aje aone balaa la nyati wa Bualai. Kufika jioni kijiji kizima kilijua.

Mama aliniuliza mara moja tu: "Na mizizi pia?" Nikasema ndiyo, na mizizi.

Nilijiambia namlinda. Sheria ilikuwa jela, wangeweza kumtoa kitandani kwa machela kwenda kituoni. Nimelisema hilo moyoni mpaka limechakaa. Nusu ya kijiji ilikuwa nayo jikoni na hakuna bibi aliyewahi kubebwa kwa machela. Nililinda cheo. Tulishika nafasi ya pili. Walioshika ya kwanza walikuwa na bangi kama sisi, ila walikuwa na choo kizuri cha wageni.

Mwaka huu, nilipowasomea watu kwamba ruksa kupanda, nilifikiri nitalipuka pale pale. Sikulipuka. Nilirudi nikala, nikalala vizuri. Hilo nalo nakuambia ili ujue kaka yako ni mtu wa namna gani.

Nimesema yote.

Khampan


Kaohsiung
20 Desemba 2022

Kaka,

Leo sina salamu.

Yule nyati nilimkabidhi mchinjaji mwenyewe, siku tatu kabla ya kuondoka. Kabla hajapandishwa garini nilimpiga kofi puani. Hakufanya kitu. Ulikuwa umesimama karibu, ukanishika bega ukaniambia, "Basi, mdogo wangu, ni mnyama tu."

Watoto wa kijiji waliniimbia njiani. Mke wa mkuu wa kijiji aliniambia nikifika Taiwan nijifunze kufunga kamba. Miaka minne nimekula mwenyewe pembeni kila siku ya kumbukumbu ya Mama, kwa sababu sikuona haki ya kukaa na wanaomlilia.

Unataka nije Machi. Una kipaza sauti cha kijiji, kila asubuhi saa kumi na mbili unawaambia watu bei ya mbolea na nani amekufa. Sema na hili. Kwa mdomo wako, jina lako na jina langu. Usimtumie mtu, usiliweke kwenye mafumbo. Uliniweka mimi mbele ya kijiji kizima, kanitoe huko huko.

Ukimaliza, ndipo nitafikiri.

Bualai


Ban Non Khwao
11 Februari 2023

Mdogo wangu Bualai,

Baridi imekwisha, ardhi imeanza kupasuka. Ratri ana kikohozi kidogo. Mbunge alipita kuuliza tunataka nini kuhusu bangi, tukamwambia tunataka watuambie kama mwakani ni halali, akasema swali zuri, akapanda gari.

Nimefanya.

Ilinichukua asubuhi nyingi. Siku ya kwanza nilitangaza mbolea, msiba wa nyumba ya kusini, na mbuzi aliyepotea, kisha nikazima. Ya pili hivyo hivyo, mbuzi alikuwa amepatikana. Wiki ya tatu Ratri, ambaye nilimsomea barua yako, aliweka chai mezani pale chumbani kwenye mashine ya kipaza sauti, akakaa kitini. Hajawahi kukaa. Akasema, "Leo sina pa kwenda."

Basi nikasema. Kwamba mimi, Khampan, ndiye niliyeng'oa dawa ya Mama. Kwamba nyati wa Bualai hakula kitu, kamba yake ilikuwa imara, mimi ndiye niliyeifungua. Kwamba niliwadanganya wote ili nisipoteze cheo. Kwamba Bualai hana kosa na aliyemcheka anicheke mimi.

Mbwa ndio waliojibu kwanza. Kisha nikamsikia Chan, bila kipaza sauti chochote, kama kawaida yake: "Nilijua! Nyayo zote zilikuwa na za malapa yako pembeni, mpumbavu wewe!" Nilipotoka baadaye nikamuuliza mbona alinyamaza miaka yote. Akasema, "Ulikuwa msaidizi. Nami nilikuwa na shina langu jikoni." Kisha akaanza kulia, tukabaki hivyo, watu wazima wawili na uzio katikati.

Mkuu wa kijiji amenishauri nistaafu mapema kwa ajili ya magoti. Nimekubali. Mwalimu hanisalimii. Watoto wameshatunga wimbo, na ni mzuri.

Watawa wamepanga tarehe ishirini na tano Machi. Sikuombi. Nakuarifu tu.

Nilifanya ulivyosema, nikasema yote.

Kaka yako,
Khampan


Kaohsiung
1 Machi 2023

Kaka Khampan, shikamoo.

Wifi apikiwe maji ya tangawizi, na asikubali kukuchemshia wewe mpaka apone. Mimi mzima. Nimehamishiwa kufungasha, kazi ya kukaa.

Siku uliyotangaza, binti wa Chan alirekodi kwa simu yake akanitumia. Sikuisubiri barua yako. Nilisikiliza chooni kiwandani, kwa sababu ndipo pekee hakuna mashine. Nilikusikia ukisema jina lako, ukisema langu. Sauti yako ilikuwa ya mbolea na mbuzi, lakini ulisema.

Kuna jambo hujaliandika, na nadhani ulitumaini halitanifikia. Ulipomaliza hukuzima mashine.

Binti wa Chan naye hakuzima. Nimelisikiliza mara nyingi mpaka nalijua kwa moyo. Kiti kinalia. Kikombe kinagusa meza. Kisha unasema, si kwa sauti ya tangazo: "Ratri, lililo zito sijalisema. Mwezi ule wa mwisho alikuwa ananiita. 'Khampan, mwanangu, kuna chochote? Hata kidogo?' Kuta zenyewe mbao. Mimi nilikuwa naongeza sauti ya televisheni. Ndondi. Mpaka leo najua nani alishinda." Halafu sauti ya wifi: "Baba, taa nyekundu bado inawaka." Kisha swichi inazimwa, tap.

Kijiji kizima kililisikia hilo, Kaka. Kama Chan alianza kulia pale uzioni, sidhani alilia kwa ajili ya shina lake.

Mara mbili umeniandikia kwamba umesema yote.

Nilikuwa nimeshaandika barua nyingine ya kukuambia siji. Nimeichana. Siyo kwamba nimekusamehe. Sijui hilo linaanzia wapi. Lakini nimekaa na ile sauti yako wiki tatu, na inanirudisha mahali ambapo sikutaka kwenda. Mimi nilijua Mama anaumwa. Nilijua dawa haipo. Ningeweza kubaki, ningeweza kwenda nyumba kwa nyumba kuomba majani ya supu, nusu ya kijiji walikuwa nayo, umesema mwenyewe. Mkataba ulikuwa umeshatiwa sahihi, nikaondoka. Ile kamba ilinisaidia, Kaka. Nikiililia kamba, silazimiki kuililia ndege.

Wewe uliongeza sauti ya televisheni. Mimi niliweka bahari.

Nimepewa siku tisa. Nafika kituo cha basi cha mjini tarehe ishirini na tatu, saa nne asubuhi. Usije na watu. Njoo peke yako, tutembee kidogo kabla ya kufika nyumbani, unisimulie alivyokuwa anaita.

Mdogo wako,
Bualai